Gari lililochemsha bila kudondosha tone: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kinatoka gereji ninayofanyia kazi. Aina ya gari, majina na chochote kinachoweza kumtambulisha mwenye gari nimeviondoa. Vipimo ni vile vile nilivyoviandika siku ya kazi, pamoja na kile nilichokisoma vibaya.

Gari na mwenyewe

Ni gari dogo la abiria, injini ya petroli ya silinda nne, lita 1.8, limeshatembea zaidi ya kilomita 200,000. Mwenyewe ni mama anayeliendesha kila siku kwenda kazini na kurudi. Njia yake ina foleni asubuhi na mlima mmoja mrefu jioni. Mfumo mzima wa kupoza injini hiyo unabeba kama lita 6 za maji. Alikuwa akiongeza lita 1 kila baada ya siku mbili.

Aliniletea gari akiwa na hukumu mkononi. "Fundi, nimeambiwa gasketi ya hedi imeungua. Nimekuja ufungue tu."

Gasketi hiyo ni bamba jembamba linaloziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku, yaani mwili wake. Nilimuuliza nani kaipima. Akasema hakuna aliyeipima, walisikiliza tu na kuangalia. Nikamwomba aniachie gari siku tatu kabla hatujagusa hata bolti moja ya hedi. Hakupenda, na sikumlaumu: alikuwa amekwisha kulipia vitu vitatu na gari bado linachemsha.

Yaliyofanyika kabla halijanifikia

Gereji ya kwanza ilisema themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata joto, ndiyo mbovu na "ikashughulikiwa". Neno hilo lilinipita, na litarudi baadaye. Gereji ya pili ilibadilisha kifuniko cha rejeta (kipoza maji cha mbele ya gari), kisha rejeta yenyewe. Kote huko mfumo ulikuwa unajazwa maji ya bomba matupu, bila kulanti, ile dawa ya rangi ya kupoza injini inayozuia kutu.

Maji matupu yana ubaya wa aina mbili katika kisa kama hiki. Ubaya wa kwanza kila mtu anaujua: kutu na magamba ya chumvi ndani ya njia za maji. Wa pili husahaulika. Maji matupu yakivuja juu ya chuma cha moto hukauka bila kuacha rangi wala harufu. Kulanti ikivuja huacha ukoko wa rangi na ina harufu tamutamu ambayo pua ya fundi huitambua mara moja. Kwa hiyo maji aliyokuwa akiyaongeza mama huyu yalikuwa yanafuta nyayo za mwizi.

Kulikuwa na tukio moja zito zaidi. Jioni moja akipanda mlima, mshale wa joto ulipanda karibu na nyekundu, kisha ukaanguka ghafla hadi chini kabisa. Akashukuru kuwa gari limepoa, akaendelea kama dakika mbili hivi, mpaka mvuke ukatoka chini ya boneti. Sensa ya joto hupima vizuri ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakipungua hadi ikabaki kwenye hewa, inaweza kutoa namba ya uongo ya chini wakati chuma cha hedi kinaungua. Mshale unaoanguka ghafla kutoka juu ni ishara ya kuzima injini papo hapo.

Siku ya kwanza

Maji yanayopotea kwenye injini yana njia chache za kupitia. Yanatoka nje, yanaingia ndani ya silinda na kutokea kwenye bomba la moshi, yanaingia kwenye oili, au yanavuja kwenye rejeta ndogo ya hita na kulowesha zulia la ndani. Kuna pia kurushwa nje kupitia kifuniko kisichoshika presha, lakini kifuniko kilikuwa kipya na nilipokipima kilishika baa 1.1 (baa ni kipimo cha presha) kama kilivyoandikwa.

Nilianza na gari likiwa baridi kabisa, limelala usiku kucha. Zulia lilikuwa kavu pande zote mbili. Kijiti cha oili kilikuwa safi, na chini ya kifuniko cha kujazia oili hapakuwa na ule utando wa rangi ya maziwa. Chini ya gari, sakafu ilikuwa kavu. Nikawasha injini nikasimama nyuma: hakuna moshi mweupe wa kudumu.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka ile hukumu ya gasketi. Lita 1 kwa siku mbili ni maji mengi. Kama yangekuwa yanaingia kwenye silinda, asubuhi injini ingetetemeka ikiwashwa na bomba la moshi lingepuliza wingu. Nikachomoa plagi zote nne. Plagi ya silinda inayokunywa maji mara nyingi huonekana imeoshwa, nyeupe kuliko wenzake. Hizi zilifanana zote, kahawia hafifu.

Kipimo nilichokisoma vibaya

Nikafunga pampu ya mkono ya kupima presha mahali pa kifuniko cha rejeta, nikapandisha hadi baa 1.1. Baada ya dakika kumi mshale ulikuwa baa 1.05. Nikatazama kila mpira, kila kibanio, chini ya pampu ya maji, kando za rejeta mpya. Pakavu.

Nikajiambia ile 0.05 imepotea kwenye mpira wa kifaa changu, ambao kweli umechakaa. Nikaandika daftarini: "Hakuna uvujaji wa nje."

Hilo lilikuwa kosa langu, na nalitaja mapema kwa sababu karibu linipeleke kulekule alikotaka mama, kufungua hedi. Mfumo usiovuja haushuki. Kama nilikuwa na shaka na kifaa, dawa ilikuwa kukipima chenyewe kwanza, kazi ya dakika mbili. Nilichofanya ni kuchukua namba isiyonipendeza na kuitafutia kisingizio.

Swali la gasketi

Maadamu nje "hapavuji", ilibidi niikabili gasketi. Nilifanya vipimo viwili.

Cha kwanza ni ile dawa ya bluu inayovuta hewa ya juu ya maji kwenye rejeta. Gesi ya moto ikipenya gasketi na kuingia kwenye maji huja na hewa ya ukaa, na dawa hugeuka manjano. Ni kipimo kizuri, ila kinaharibiwa na haraka: lazima injini iwe ya moto, na lazima upunguze maji kidogo ili kifaa kivute hewa, kisinywe maji yenyewe. Nilikiendesha dakika kumi na tano, nikikanyaga mafuta mara kwa mara. Bluu ikabaki bluu.

Cha pili kilikuwa kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inajenga pistoni ikipanda, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Nilipata baa 12.4, 12.2, 12.5 na 12.3. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, hapo ungeshuku gasketi imekatika katikati yao. Hizi zilikuwa sawa.

Kuna ishara moja zaidi ambayo haihitaji kifaa. Injini yenye gasketi iliyoungua inaweza kuufanya mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu dakika moja au mbili baada ya kuwashwa, maji yakiwa bado baridi, kwa sababu gesi ya silinda ndiyo inayosukuma. Wa gari hili ulibaki laini. Nilipoushika, hata hivyo, nilihisi umeanza kupata uvuguvugu mapema mno. Nikausikia mkononi, kichwa kikapita. Nilikuwa natafuta ugumu, sikuwa natafuta joto.

Jioni nikampigia mwenye gari. Nikamwambia sifungui hedi, na nahitaji usiku mmoja zaidi. Akanyamaza kidogo, kisha: "Haya fundi, ila wewe ni wa tatu kuniambia uvumilie."

Usiku wa pampu

Nilimwaga maji yote. Yalitoka kahawia kama chai ya rangi iliyochemka mno. Nikasuuza mara tatu, nikajaza kulanti ya rangi ya waridi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Wakati huo nilikuwa sitibu kitu, nilitaka rangi tu. Kisha nikabadilisha mpira wa kifaa changu, nikapandisha presha hadi baa 1.1, nikafunga gereji.

Asubuhi mshale ulikuwa baa 0.3. Sakafu chini ya gari, kavu kabisa.

Kwa mtu aliyekwisha kuipania gasketi, hapo angeshangilia: presha imeshuka, nje hakuna tone, basi maji yako ndani ya silinda. Nikachomoa plagi, nikaingiza kamera ndogo ya waya silinda baada ya silinda. Vichwa vya pistoni vilikuwa vikavu. Nikaichukua kamera hiyo hiyo nikaipitisha nyuma ya injini, kati ya ukuta wa moto, unaotenga injini na chumba cha abiria, na manifoldi ya kuvutia hewa, yaani mabomba yanayoiingiza kwenye silinda, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haupiti.

Palikuwa na mstari wa waridi.

Injini nyingi za namna hii zina paipu ya chuma inayopita nyuma ya bloku kupeleka maji kati ya hita na pampu. Kwenye gari hili ilikuwa imeliwa na kutu kutokea ndani, na tundu lilikuwa dogo kama ncha ya sindano. Maji yalitiririka juu ya bloku hadi kwenye kishimo kilicho juu ya sanduku la gia, yakatuama humo. Gari likitembea, joto la injini liliyakausha. Ndiyo maana sakafu ilikuwa kavu siku zote, kwa mama, kwa gereji mbili zilizotangulia na kwangu.

Kutoa manifoldi kulichukua asubuhi nzima. Paipu ilipotoka niliigusa kwa bisibisi, na bisibisi ikapita.

Nikaweka paipu mpya na mpira mpya wa duara pale inapoingia kwenye pampu. Mwenye gari aliuliza kama tubadilishe na pampu yenyewe, tumalize. Nilikataa. Tundu lake la kuvujia, ambalo hutoa maji pampu ikichoka, lilikuwa kavu, shafti haikuwa na mchezo, na kwenye injini hii pampu inazungushwa na mkanda wa nje, kwa hiyo siku ikichoka inafikika bila kubomoa kitu. Kama ingekuwa imefichwa nyuma ya mkanda wa taimingi ningejibu vingine.

Bado likapanda joto

Nilijaza, nikatoa hewa mpaka mapovu yakaisha na hita ikapuliza moto, nikalipeleka mlimani nikiwa na mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Tambarare lilisoma nyuzi 68 hadi 72. Mlimani, baada ya dakika kumi, 108.

Nakiri nilikaa kwenye kiti nikaiwaza gasketi tena, kwa dakika kadhaa. Lakini namba zile mbili hazikai pamoja kirahisi. Rejeta iliyoziba haiwezi kulifanya gari liwe baridi kupita kiasi tambarare. Gasketi pia haiwezi. Feni haina sehemu hapa, mwendo wenyewe ulikuwa unaleta upepo wa kutosha. Injini hii ilikuwa baridi mno pasipo na kazi na ya moto mno penye kazi, na kuna kifaa kimoja tu ambacho kazi yake ni kuzuia yote mawili.

Nikafungua nyumba ya themostati. Ilikuwa tupu.

"Kushughulikiwa" kulimaanisha kuitoa na kuitupa. Ni desturi ya siku nyingi kwenye gereji, na wanaoifanya wana hoja: themostati iliyokwama imefungwa huchemsha injini, basi ukiitoa maji yanapita wazi. Kwenye injini kadhaa za zamani gari huishia kukimbia baridi na kula mafuta zaidi, basi. Hii si mojawapo. Themostati yake ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na ya chini, wakati huo huo, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi milele. Maji yanafuata njia nyepesi, na sehemu yake kubwa inazunguka ndani ya injini bila kupozwa. Tambarare hakuna tatizo, kwa sababu yale machache yanayofika kwenye rejeta yanatosha na kuzidi. Mlimani hayatoshi.

Ule uvuguvugu wa mapema kwenye mpira wa juu ulikuwa unaniambia hivyo hivyo siku ya kwanza. Themostati iliyo nzima huuacha mpira huo ubaridi mpaka injini ipate joto, kisha huufanya uwe wa moto kwa ghafla.

Niliweka mpya ya nyuzi 82, sawa na ilivyokuwa ya kiwandani. Tambarare ikasoma 84 hadi 88. Mlimani ikafika 95, na ikashuka mara tu barabara ilipolala.

Matokeo

Wiki ya kwanza kulanti kwenye tanki la akiba ilishuka upana wa kidole kimoja, nikaongeza. Hiyo ni hewa iliyobaki ikitoka, na nilikuwa nimemwonya mwenye gari asishtuke. Baada ya hapo haikushuka tena. Nimeliangalia gari baada ya mwezi na baada ya miezi mitatu, na mara ya pili nikarudia kipimo cha presha cha usiku kucha: 1.1 jioni, 1.1 asubuhi.

Hedi haijafunguliwa mpaka leo. Siwezi kuapa kuwa zile dakika mbili za mlimani hazikuiachia alama, maana hedi ya alumini hupinda kirahisi, na upindaji wa sehemu ndogo ya milimita unatosha kuisumbua gasketi baadaye. Kompresheni ya mwezi wa tatu ilikuwa vile vile. Nimemwambia mama afuatilie oili na mpira wa juu, na mshale ukianguka ghafla azime.

Uchambuzi

Maradhi yalikuwa mawili, na kila mtu, mimi nikiwemo, alikuwa anatafuta moja. Uvujaji na joto vikija pamoja akili hutaka viwe na baba mmoja, na gasketi ya hedi ni baba anayefaa kwa sababu kweli huweza kuleta vyote viwili. Hapa tundu la paipu lilileta upungufu wa maji, upungufu ukaleta joto la kwanza. Themostati iliyotolewa ikaleta joto la pili, la tabia tofauti kabisa. Ukiziba tundu tu, gari linarudi gereji. Ukirudisha themostati tu, gari linarudi.

Tundu dogo lina dhambi nyingine zaidi ya kupoteza maji. Kila baa ya presha inapandisha kiwango cha kuchemka, na maji yaliyofungwa kwa baa 1.1 huchemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Mfumo unaovuja haushiki presha, kwa hiyo hata maji yakiwa bado ya kutosha yanaanza kugeuka mvuke kwenye sehemu za moto zaidi za hedi, karibu na vali za kutolea moshi. Povu la mvuke halipozi chuma. Mwenye gari alikuwa anaongeza maji kwa bidii kila siku ya pili na bado injini yake ilikuwa taabani.

Kilichotuokoa kilikuwa kukataa kufungua hedi kabla ya kupima. Kipimo cha presha cha usiku kucha kilifaa kuliko cha dakika kumi, na kubadilisha maji matupu kuwa kulanti ya rangi kabla ya kipimo hicho kulifaa kuliko nilivyotarajia. Bila rangi, kamera ingeonyesha kutu tu, na nyuma ya injini ya umri huo kutu iko kila mahali.

Nilichokosea zaidi ya ile 0.05 ni historia. Nilipokea orodha ya vitu vilivyobadilishwa, sikuuliza tarehe. Baada ya kazi kuisha nilimwomba mama anionyeshe jumbe alizokuwa akiwaandikia mafundi waliotangulia. Zote zilikuwa kwenye simu yake, kwa mpangilio. Maji yalianza kupungua miezi minne kabla ya kunifikia. Joto la kwanza lilikuja miezi miwili baadaye, na lilitokea kwenye foleni na tambarare, siku alizosahau kuongeza maji. Themostati ikatolewa. Tangu wiki hiyo ndipo linaanza neno "mlima" kwenye jumbe zake, na ujumbe mmoja unasema mshale siku hizi unakaa chini kidogo akiwa barabara ya kawaida, na kwamba amefurahi.

Kama ningeusoma ujumbe huo siku ya kwanza ningefungua nyumba ya themostati kabla ya chai. Sasa swali la kwanza ninalouliza ni kipi kilianza, na nini kilibadilika wiki ile gari lilipobadilisha tabia.

Kuhusu rejeta mpya, iliyokuwa ghali kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki, sina hukumu. Nilipoiulizia ile ya zamani ili niipime, ilikuwa imeshauzwa chuma chakavu.